Siku ya Kukata Uzio

Koleo liliteleza tena. Fundi Waya alijifuta viganja kwenye suruali, akaushika upya waya wa chini, na hapo ndipo alipoiona miguu ya shemeji yake, mjane wa kaka yake, ng'ambo ya uzio.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema mama yule. "Unawafungulia tembo."

"Ni kazi, shemeji."

"Na kuujenga je? Nako kulikuwa kazi?"

Uzio ule aliujenga mwenyewe, udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, akichimbia nguzo kwa hasira kana kwamba kila shimo lingemmeza tembo aliyemuua. Na kweli, tembo hawakuonekana tena bondeni. Lakini bonde nalo likaanza kufa polepole, kama mgonjwa asiyelalamika. Miti ya miiba ambayo tembo walikuwa wakiing'oa ikasongamana hata jua lisifike chini. Nyasi zikafifia, swala wakahama. Bwawa walilozoea kulichimbua kwa miguu likajaa tope, kisha vumbi. Hata mbuzi wa shemeji walirudi kutoka malishoni matumbo yamebonyea.

Wahifadhi waliitisha mkutano, wakaeleza hayo yote. Wengi walikubali uzio ukatwe. Shemeji aliinuka akaenda zake bila neno.

"Mashamba mmeyazungushia mizinga ya nyuki ili tembo waogope kusogea, nimeiona," alisema sasa. "Zizi langu nimelihamisha. Sijaja kubishana." Aliugusa waya kwa ncha ya kidole. "Kata. Ila usiniombe nifurahi."

"Sitakuomba."

Akakata. Waya ulijikunja kwa mlio mkali, wote wawili wakaruka nyuma.

Tembo hawakuwa na haraka. Walipokuja hatimaye, waliacha miti ya miiba imelala chali, mavi yamejaa mbegu, na bwawa limefumuliwa kama shamba lililolimwa. Mvua iliponyesha, likashika maji.

Asubuhi moja Fundi Waya alimkuta shemeji yake amechuchumaa pale ukingoni mwa bwawa, kichwa ameinamisha. Alidhani analia, akasita. Kisha akasogea, akaona anachokitazama: unyayo wa tembo, mpana kama sinia, umejaa maji. Ndani yake viluwiluwi wa chura walikuwa wakipishana.

"Sogea kidogo, shemeji," alisema mama yule bila kugeuka. "Unawazibia jua."

Fundi Waya akapiga hatua pembeni.