Turubai la Bwana Morita

Mwanangu Eva aliposwa kwa simu. Kijana Kazuya, aliyekutana naye chuoni huko Japani, alipiga magoti mbele ya kamera, nami nikaona nusu ya paji lake la uso na feni ya darini. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba feni nimeiona, ni nzuri, ila posa bado sijaiona.

Mume wangu hakuona tatizo. Yeye ni mtu wa Soweto. Alikuja Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa, akanioa huko, na nchi yake ilipokombolewa akanileta Johannesburg. Amezoea mambo makubwa yaamuliwe na kamati. Alisema dunia imebadilika. Nilimwambia ibadilike itakavyo, lakini barua ya posa italetwa hapa Rosettenville na baba wa kijana kwa mkono wake, nami nitaifungua mwenyewe.

Sababu yangu Eva aliijua. Barua ya posa yangu ilisomwa na mjomba. Mimi nilikuwa jikoni, sijui hata herufi moja, nikimsikia akikohoa, akiruka mistari na kusema "na kadhalika". Mpaka leo sijui kama ndani ya ile "na kadhalika" nilisifiwa au niliombewa punguzo. Barua yenyewe ililiwa na mchwa, ambao bila shaka waliisoma yote. Nikiwa na miaka hamsini na mmoja niliingia darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa, nikabanwa kwenye dawati la watoto wa shule ya Jumapili mpaka Mwalimu Agnès akaja kunichomoa. Sikuteseka namna ile ili binti yangu naye aolewe kwa "na kadhalika".

Shida ilikuwa Bwana Morita, baba yake Kazuya. Eva alinieleza kwamba mzee huyo hajawahi kupanda ndege, na kwamba hata kwa mwanawe huzungumza mara moja kwa mwaka, tena kuhusu mvua. Nikasema basi nitamfuata nimwone. Kazuya akatuma tiketi, na mwezi Aprili mwaka 2018 nikaenda.

Tulipangiwa kukutana naye katika bustani ya ngome ya kale, wakati micheri, ile miti yao ya maua, inapochanua. Asubuhi hiyo Eva alikuwa bado anajipodoa, nami sikuweza kumngoja. Nilitangulia kwa miguu. Ngome haiwezi kumpotea mtu, ina ukuta.

Ilikuwa na ghorofa tatu nyeupe, na mapaa yaliyokunjwa ncha kama masharubu ya afisa forodha. Mtawala wake alichimba handaki la maji kuizunguka ili asiingiliwe na yeyote, na sasa sote tuliingia tukinywa soda. Kuhusu micheri, nakiri ilikuwa myeupe mpaka macho yaliuma. Lakini Kazuya alikuwa ameniambia kwamba haizai. Mamia ya miti inapogolewa, inategemezwa kwa magongo kama wazee wa kanisa, na kwa mwaka mzima haitoi hata bakuli moja la matunda. Kwetu ingekuwa kuni. Hapo watu wazima walipanga foleni kupiga picha tawi moja.

Ndipo nilipomwona. Chini ya mti mkubwa kuliko yote lilitandikwa turubai la buluu, kubwa la kutosha ukoo mzima. Katikati aliketi mzee mmoja peke yake, amevaa suti nyeusi, magoti ameyakunja, kichwa amekiinamisha. Viatu vyake vilikuwa nje ya turubai. Maua yalimwangukia mabegani wala hakuyapangusa. Turubai, viatu nje, suti nyeusi, kichwa chini: iwe Morogoro au Rosettenville, mtu aliyelelewa vizuri hahitaji kuambiwa. Na watu walimpita wakicheka na kula soseji. Niliona haya kwa niaba yao.

Nilivua viatu, nikakaa pembeni. "Pole sana, baba," nilisema.

Alishtuka, akainama. Nami nikainama. Akazungumza kwa upole, akizungusha kiganja juu ya turubai na kutikisa kichwa, nikaelewa kwamba ananionyesha ukubwa wa pengo. Nikaanza kulia, kwa kiasi kinachomfaa mtu asiyemfahamu marehemu. Aliinama zaidi. Nikaimba wimbo wa faraja, ubeti wa kwanza tu. Akatoa chupa ya chai, akanimiminia. Hapo nikajua nimepokelewa. Nilifungua maandazi niliyowaletea wakwe, nikampa. Alikula mawili, akafumba macho. Tulikaa hivyo karibu saa nzima.

Eva na Kazuya walipofika, walisimama kama waliogandishwa.

"Mama, unamlilia nani?"

Nilimwambia ashushe sauti, mzee amefiwa. Kazuya aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee naye akaanza kusema, akasema sana, na Eva akanitafsiria huku machozi yakimtoka, si ya huzuni.

Hakuna aliyekufa. Desturi yao ni kutandika turubai alfajiri, mahali familia itakapokaa kula na kutazama maua, na kumweka mtu alilinde, wengine wasichukue nafasi. Kwa kawaida hutumwa mdogo wa familia, lakini Bwana Morita hakumwamini mtu yeyote kwa kazi hii. Nafasi ilikuwa ya mama wa bibi arusi. Alikuwa amesinzia. Alipozinduka alimkuta mwanamke juu ya turubai, akamweleza kwamba mahali hapo pana wenyewe, wageni wa heshima kutoka Afrika. Mwanamke akalia. Akaona aibu kumfukuza.

"Mwambie mgeni mwenyewe ndiye mimi," nilisema.

"Ameshajua, Mama. Anauliza kama maandazi yamebaki."

Nilifedheheka kwa dakika tatu kamili, kisha nikakumbuka kilichonipeleka. Nilimwomba aje Rosettenville na barua mkononi. Mzee alitazama mti. Kazuya alisema ukimya huo maana yake hapana. Eva alisema maana yake bado anatafuna. Nilirudi nyumbani bila jibu.

Mwezi Septemba Kazuya alipiga simu kwamba atakuja Oktoba, na kwamba baba yake ameomba pasipoti bila kueleza sababu. Niliwakaribisha Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili alfajiri, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yangu Mama Jocelyne, Mkongomani anayesuka nywele, kichwani kitambaa cheusi, mkononi kilo mbili za sukari. Nyuma yake walisimama wanawake watatu wa kanisani na viti vya plastiki.

"Pole, maman," alisema. "Mbona hukutuambia? Ni mzee?"

Nilimgeukia mzee wangu. Alikuwa anapiga mswaki.

Nje ya lango letu, chini ya mjakaranda, lilitandikwa turubai la buluu. Viatu vilikuwa pembeni. Bwana Morita aliketi katikati na suti yake nyeusi, maua ya zambarau mabegani, kichwa chini. Kazuya, akitetemeka kwa baridi, alinieleza kwamba baba yake aliona nafasi mbele ya nyumba yenye binti kama Eva haiwezi kukosa washindani.

Niliwaambia wanawake kwamba anayeondoka ni Eva, waketi. Waliketi. Sukari sikuirudisha.

Bwana Morita alinyoosha bahasha kwa mikono miwili. Mume wangu, kwa mazoea ya kamati, alitaka kuipokea. Nikampa sukari ashike. Niliifungua. Ilikuwa kwa Kiswahili, herufi kubwa zilizoegemeana, kalamu imekandamizwa mpaka nyuma ya karatasi palikwaruza kidole. Mwandiko huo niliujua tangu darasani. Ni wa mtu mzima anayenakili, ulimi katikati ya meno.

Nilisoma kwa sauti, bila kuruka neno:

"Mama Eva. Mimi ni Morita. Ulikaa nami bila kujua mimi ni nani. Nimekuja kukaa nawe nikijua wewe ni nani. Naomba binti yako awe mke wa mwanangu. Naomba pia maandazi."

Mume wangu aliuliza kama ni hayo tu. Nilimjibu ndiyo, nimeisoma yote.

Mama Jocelyne, ambaye tayari alikuwa na machozi na hakutaka yapotee bure, alisema, "Soma tena."

Nikasoma tena, mpaka kwenye maandazi.