Malkia Mkavu Alikufa Chini ya Sinki

Mtu akikuambia nilihama nyumbani kwangu kwa sababu ya kitabu, mwambie akome. Nilihama kwa sababu ya mume. Kitabu kilikuwa shahidi tu.

Mimi ni msusi. Mume wangu ni fundi bomba, na mtaa mzima unamwita Koki. Hatuna mtoto bado, hatuna televisheni, lakini vitabu vya Milima Inayotembea tunavyo vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho. Ni hadithi ndefu ya majoka, mazimwi na wafalme wanaogombania nchi ambayo milima yake huamka na kuhama. Tunaisoma pamoja kila Jumapili baada ya kuosha vyombo: yeye ukurasa mmoja kwa sauti, mimi ukurasa mmoja, na tukichoka tunaweka uzi mwekundu wa kusukia pale tulipoishia. Mwiko ni mmoja tu. Hakuna kutangulia.

Sasa, sinki la jikoni likawa linavuja. Koki kalala chali chini yake, mimi nimechuchumaa namshikia tochi, mke mwema kabisa. Yeye anakaza nati huku anapiga mluzi. Mara, kwa sauti ya mtu anayemsikitikia jirani, akasema, "Masikini Malkia Mkavu. Mimi nilidhani atapona."

Tochi ilinitoka mkononi. Malkia Mkavu ndiye kipenzi changu, mwanamke asiyetoa chozi hata mbele ya joka. Pale uzi wetu ulipokuwa, alikuwa mzima wa afya, yuko juu ya farasi, anakwenda vitani.

"Atapona nini?" nikauliza.

Mluzi ukakatika chini ya sinki. Hata spana ilinyamaza.

"Koki, nakuuliza, atapona nini?"

"Mafua," akasema.

Mafua! Jamani! Nikamvuta miguu mpaka akatoka, nikambana, akakiri. Kumbe alikuwa anaingia na kitabu bafuni, anasoma mpaka ananogewa, halafu anaurudisha uzi wangu mahali pake kama vile hakuna kilichotokea. Na alikuwa amekimaliza. Kitabu cha mwisho, tulichokingoja miaka na miaka, bwana amekimaliza peke yake amekaa chooni!

Sikumlilia malkia. Haya, nilimlilia kidogo. Lakini kilichoniuma hasa ni kwamba huyu mtu hutangulia katika kila kitu. Njiani yuko mbele, mimi nyuma nakimbilia kama mpagazi wake. Mezani mimi bado nanawa, yeye keshashiba nusu. Karakana yake aliikodi bila kuniambia, nikaja kuambiwa na mteja huku namfumua nywele, nikajifanya najua. Na neno samahani halijui. Akikosea hafungui mdomo, anafungua kisanduku cha vifaa akatafuta kitu cha kutengeneza. Siku hiyo nikamtolea uvivu.

"Nakwenda kwa dada," nikamwambia. "Ukiweza kusema samahani kwa mdomo wako, si kwa spana, nitarudi. Usipoweza, usinihesabu tena mke." Na sikuwa natania.

Dada yangu ni mwalimu wa hesabu, anaishi peke yake, na hana subira na mambo yasiyojumlishika. "Mdogo wangu," akaniambia, "yaani unalala kwenye kochi langu kwa sababu malkia wa uongo amekufa?"

"Si malkia, dada. Ni yeye. Nataka neno moja tu kutoka kwake."

Kesho yake Koki akabisha hodi. Nikatoka nimejipanga, mikono kiunoni, tayari kulipokea neno. Akanisalimia, akapita, akatengeneza bomba la jikoni, akaondoka. Siku iliyofuata akazibua choo. Halafu tukakuta mkate wa moto mlangoni, hakuna mtu. Halafu akapanda juu kuliangalia tangi. Dada akaanza kumwita "shemeji yangu wa damu", kitu ambacho hata hakipo, na kunishauri nisiharakishe kurudi kwa sababu bomba la uani nalo lilikuwa na matatizo. Mimi nikawa navimba tu. Kila usiku nilijiambia, kesho atasema. Na kila kesho ilikuja na spana.

Ndipo yakafika mashindano ya Nani na Nani. Hufanyika maktaba, mara moja kwa mwaka, na watu hucheza wawili wawili. Mkutubi hutaja wahusika wawili wa Milima Inayotembea, nawe ubahatishe ni kitu gani kinawaunganisha. Mwenzako anashika kadi yenye jibu na kukudokezea. Lakini sheria yake ni kali: mwenye kadi haruhusiwi kutaja neno lililoandikwa pale, wala kitu chochote cha vitabuni. Adokeze kwa mambo ya nyumbani kwenu tu. Ndiyo maana ukumbi hufurika watu ambao hawajasoma hata ukurasa. Hao hawafuati majoka. Wamekuja kusikia mambo ya nyumba za watu.

Tulikuwa tumejiandikisha zamani, kabla ya sinki. Ningeacha, lakini mwaka uliopita tulishindwa na pacha wawili wa duka la dawa, na wale mabwana kombe wameliweka dirishani, katikati ya dawa za kikohozi, nilione kila nikiumwa kichwa. Nikamtumia Koki ujumbe: nakuja kwa ajili ya kombe, si kwa ajili yako. Akajibu: sawa. Na mtu wa kuandika "sawa" peke yake naye ni wa kuishi naye?

Tukakaa kwenye viti viwili vinavyotazamana. Alikuwa amenyoa ndevu vibaya na shati halikupigwa pasi. Roho iliniuma, nikaiambia inyamaze.

"Bibi wa Visu na Zimwi la Ghalani," mkutubi akataja, akageuza saa yake ya mchanga.

Koki akaitazama kadi, akamnyooshea kidole dada yangu kwenye safu ya mbele. "Kama mimi na yule pale. Ananipenda tangu nizibue choo chake."

"Mtu na shemeji yake!" nikajibu. Pointi. Ukumbi ukaangua kicheko, dada akajificha nyuma ya mkoba.

Zamu yangu ya kadi ikaja. Mwana wa Radi na Mchawi Asiyelala. Nikaisoma kadi: wote wawili walivunja kiapo. Moyo wangu ukaruka kwa furaha mbaya.

"Wewe!" nikamwambia.

"Ni mafundi?" akauliza.

"Wewe, bafuni!"

"Wanaoga?"

"Wewe, bafuni, na uzi wangu mwekundu!"

Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa sauti bafuni alifanya nini na uzi. Jirani yake akamwambia anyamaze, tutajua sasa hivi. Koki akainamisha kichwa.

"Walivunja kiapo," akasema polepole.

Pointi. Tuliendelea hivyo, anikumbushe ya kwao, nimkumbushe ya kwetu, watu wakivunjika mbavu, mpaka tukawa sawasawa na pacha wa duka la dawa. Limebaki swali moja. Tukilipata, kombe ni letu. Tukilikosa, linarudi kwenye dawa za kikohozi. Kadi akapewa Koki.

"Nahodha wa Mchanga na Binti Kimya," mkutubi akasema.

Hao wanatokea mbele ya uzi wetu, katika kitabu cha mwisho, na mimi kile kitabu sikukigusa tena tangu siku ile. Sikujua huyo nahodha ana macho mangapi. Nilikuwa nategemea dokezo tu.

Koki akaisoma kadi, na uso wake ukakunjuka. Uso huo naujua, huwa nao akikuta kinachovuja ni mpira tu, kazi ya dakika moja. Ilikuwa rahisi. Kisha akanitazama, na ule uso ukamwondoka. Akailaza kadi mezani kifudifudi.

"Bomba la jikoni kwa dada yako," akasema.

"Linavuja. Wanavuja? Wanalia? Wote wawili ni waliaji!"

"Hapana. Na choo. Na tangi. Na ule mkate mlangoni."

Nikajua. Mtoto mchanga angejua. Hao wawili walisameheana, basi, mmoja alimwambia mwenzake samahani, ndilo jibu, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu na kombe limekaa juu yake. Na ulimi ukagoma. Miaka yote hii nalingoja hilo neno kwake, leo nilitamke mimi? Nimsaidie hata hilo?

"Sijui," nikasema.

"Unajua."

"Sijui, Koki. Dokeza vizuri."

Mchanga ulikuwa unaisha. Pacha wameshasimama. Koki akafungua mdomo, akaufunga, akajipangusa jasho kwa kola. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika na hakukuwa na kitu.

"Nakuacha nyuma," akasema. "Si kwenye kitabu tu. Karakana pia. Njiani pia. Nilipofika pale pa kusikitisha niligeuka nikuambie, nikakuta niko peke yangu chooni. Sikufurahia kitabu kile hata kidogo." Sauti ikamkwama, akaivuta. "Samahani, mke wangu."

Kengele ikalia.

Ukumbi wote ukasema "aaah", hata wale waliokuja kwa ajili ya bafuni. Mimi nikawaka moto.

"Una macho makavu wewe!" nikasimama. "Nimelala kwenye kochi nakusubiri uniambie hilo neno, unakuja kuniambia leo kwa sababu umelisoma kwenye kadi? Kwa ajili ya kombe? Na hata hivyo umelitaja, ni kosa, wametufuta! Hata kuomba radhi hujui, unavunja na sheria!"



"Mama," mkutubi akaniita kwa upole. "Kengele ni ya muda kwisha. Mumeo hakutaja neno la kwenye kadi."

"Hakutaja vipi? Mimi na watu wote hawa tumesikia!"

Nikainyakua kadi pale mezani, nikaigeuza. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mkutubi: Walinyonya mbuzi mmoja.

Nikaisoma tena. Mbuzi.

"Si angesema maziwa tu!" pacha mmoja akapiga kelele, na ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Mwenzake alikuwa ameshalikumbatia kombe.

Mimi sikucheka. Nilisimama na ile kadi mkononi, namtazama huyu mwanamume aliyenyoa vibaya. Naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mbuzi," nikamwambia.

"Mbuzi," akakubali.

"Ungesema maziwa, tungeshinda."

"Najua."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Tangu nilipoigeuza," akasema. "Lakini ulikuwa umekaa mbele yangu, unanisikiliza. Nyumbani kwa dada yako kila nikija umejishika kiuno."

Nikakaa. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya kadamnasi, mimi niliyekuja kwa ajili ya kombe tu. Nikamshika kola, nikamvuta mpaka tukawa uso kwa uso.

"Rudia," nikamwambia.

"Kuanzia bomba?"

"Neno la mwisho tu."

Akalirudia, kwa sauti, bila kukwama. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Nikageuka nikamwambia aache, hilo halikuwa la kwake, lilikuwa langu.