Ng'ombe Chini ya Mti Unaowaka

Upepo wa Kitengela ni mwizi ninayemheshimu. Mwaka juzi ulimvua mchungaji wetu kofia akishuka kwenye pikipiki, na Jumapili iliyofuata ukamrudishia akiwa mimbarini, kofia imefuliwa na kupigwa pasi. Usiniamini ukitaka, lakini mimi nilikuwa nimeketi kiti cha mbele. Ndiyo maana siku niliyoanza kushona lile blanketi la vipande vidogo vidogo, vingine havizidi ukucha, nilifunga kwanza madirisha yote na mlango. Roda, mke wangu, akagonga kutoka nje.

"Baba Brayo, umeficha nani humo?"

"Niko na mti."

"Mti gani?"

"Ule wa Koko."

Nikasikia akivuta kiti na kuketi hapo hapo barazani. "Kwa hivyo ulikuwa unasema kweli," akasema. "Mungu atusaidie."

Koko ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya, na huyu ni nyanya yake Jackie, msichana ambaye kijana wetu Brayo anataka kuoa. Kwao ni ndani kidogo, ukishapita Kajiado mjini. Tulipoenda mara ya kwanza kujitambulisha, Sankale, baba yake Jackie, alitupokea vizuri. Tulikunywa chai ya maziwa matupu, tukaelewana mambo mengi, likabaki la blanketi. Watu wa huko, ukija kuposa, nyanya ya msichana humfikii mikono mitupu. Unamletea blanketi, na akilipokea, amekupokea na wewe. Nikamuuliza Koko anapenda rangi gani.

"Niko na blanketi mingi," akasema. "Hata ndama analala na blanketi. Leteni kitu sijaona."

Hapo ningefunga mdomo. Lakini chai ilikuwa nzuri na watu walikuwa wananisikiliza, na mimi nilifanya kazi ya kusoma mita za maji hadi nikastaafu, kazi ambayo msikilizaji wako ni mbwa peke yake. Nikawaambia kwamba binti yetu Immaculate yuko Canada, na kwamba huko kuna majira ambayo miti huwaka bila moto. Majani hugeuka mekundu, ya manjano, ya rangi ya machungwa, msitu mzima, hadi ndege wanaogopa kutua wasiungue makucha. Nikaongeza kwamba mke wangu na mimi tunaweza kuushona mti kama huo kwenye blanketi. Roda akanifinya paja. Nikaongeza kwamba tumeshashona mingi.

Wengine walicheka. Koko hakucheka.

"Na hiyo mti haikufi?"

"Haufi, Koko. Unalala tu, halafu unaamka kijani."

"Mimi nimezeeka na sijaona mti kama hiyo." Akaangalia mbali kidogo. "Niletee. Na chini yake uweke ng'ombe yetu, mti peke yake itaona upweke. Ukikuja na blanketi ingine, mtakunywa chai na mrudi kwenu na kijana yenu."

Nikamwangalia Sankale, nikitegemea atatabasamu. "Mama akisema, imesemwa," akajibu. Tulipokuwa tunatoka akatupitisha zizini, akamshika ng'ombe mmoja kichwa. Sikio la kulia lilikuwa limekatwa kipande kidogo, mfano wa mwezi mchanga. Ng'ombe wao wote wana mkato huo, sikio la kulia. "Uangalie hapo vizuri," Sankale akaniambia. "Hapo ndio jina yetu iko."

Basi ndoa ya mwanangu ikawa inaning'inia kwenye uzi, na uzi wenyewe uko mkononi mwangu.

Kushona nilijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kwa cherehani ambayo Roda alishonea sare za shule mpaka mgongo ukamkatalia. Suruali yangu ya kwanza ilikuwa na mguu mmoja wa kwenda kanisani na mwingine wa kwenda shamba. Lakini vipande nilivijua kidogo, kwa kutazama video kwenye simu. Immaculate akanitumia mchoro wa mti, nikautoa kwenye karatasi pale saiba, duka la kompyuta la sokoni, karatasi nyingi, kila moja na kipande chake cha mti. Ng'ombe nilimchora mwenyewe kwa penseli, akiwa ametukazia macho, nikamkata sikio la kulia kwa uangalifu wa daktari.

Kazi yenyewe ni hivi. Mchoro umegawanywa kwa mistari, na kila chumba kina namba yake. Kitambaa hukiweki juu ya mchoro. Unakiweka chini ya karatasi, usikokuona, halafu unashona juu ya mstari, sindano ipite kwenye karatasi na vitambaa viwili kwa pamoja. Unakunja, unapiga pasi, unapunguza ukingo, unaleta kitambaa cha namba inayofuata. Mishono iwe mifupi, ili mwishoni karatasi ichanike yenyewe ukiivuta. Ni kushona gizani ukiwa umefumbua macho. Wewe unafuata mstari upande huu, na picha inajijenga upande wa pili bila kukuomba ruhusa.

Jani la kwanza liliniharibia sindano na usingizi. Nilipolimaliza nikaligeuza. Ncha zake zilikuwa kali, zimekutana sawasawa, rangi ya kutu imelala kando ya nyekundu, na nyekundu kando ya manjano. Nikaiangalia mikono yangu. Mikono hii haijawahi kukata mkate ukanyooka.

Nikafungua mlango, nikamwonyesha Roda. Akalishika kwa ncha za vidole, akaligeuza upande wa karatasi, akaligeuza tena upande wa kitambaa.

"Hii umeinunua."

"Nimeishona."

"Shona ingine nikikuona."

Nikashona lingine akinitazama. Alipomaliza kutazama aliingia chumbani, akarudi na joho lake la zamani la kwaya, lile la rangi ya damu ya mzee, akalikata mgongo. Baadaye akaleta pazia la rangi ya haradali. Mimi nikatoa koti la mtumba la rangi ya kutu, na fulana ya machungwa ya fundi wa mjengo, na kipande cha shuka jekundu. Hata sare yangu ya mita iliingia. Ndiyo shina la mti. Mbwa wakiliona shina hilo watalibwekea.

Rangi moja ilitushinda. Kwenye picha ya Immaculate, chini ya mti, kulikuwa na nyasi ambazo si za manjano wala si za kahawia. Tulitafuta soko zima. Halafu jioni moja Roda akaniita nje, akanigeuza mabega kwa nguvu nitazame upande wa Isinya. Ilikuwa miezi ile mvua imetusahau. Jua lilikuwa limeshuka chini ya vumbi la machimbo ya mawe, na uwanda wote ulikuwa wa rangi ile, kutoka ua wetu hadi mwisho wa macho, na huku na kule mgunga mmoja umesimama mweusi.

"Miaka yote hii tunaishi ndani yake," akasema.

Nilikuwa na uongo mzuri wa kusema hapo, nikausahau. Tulichemsha majani ya chai mpaka yakawa mazito, tukaloweka shuka jeupe la kitanda, tukalianika, tukatoka nalo nje kulilinganisha na nyasi. Likapotea. Kweli, ilibidi nilipapase chini nilipate.

Siku ya kuchana karatasi ikafika. Zilitoka vipande vipande, zikajaa sakafuni hadi vifundoni. Roda akaweka blanketi jepesi katikati na kitambaa cha mgongo chini, tukapitisha mishono ya kushikanisha, kisha tukalitundika ukutani na kurudi nyuma mpaka migongo yetu ikagusa ukuta wa pili. Mti ulikuwa unawaka sebuleni kwetu. Nakuambia nilisikia joto. Ng'ombe alikuwa chini yake, ametulia, anatuangalia sisi tuliomtengeneza.

"Nalianya," Roda akasema. Tangu tupate mtoto hajawahi kuniita kwa jina langu.

Asubuhi ya safari Brayo alifika kutoka Laiser Hill anakopanga, amevaa suti. Akasimama mbele ya lile blanketi, mikono kiunoni.

"Buda, hii umetoa wapi? Hii ni noma."

"Usiite babako buda," Roda akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Brayo akasogea. Akainama. Tabasamu likamtoka usoni. "Mathe, hii ng'ombe ni ya nani?"

"Ya kina Jackie."

"Zi, si yao. Za kina Jackie zimekatwa sikio ya kulia. Hii ni ya kushoto."

Nilikwenda kwenye gunia la taka, nikatafuta vipande vya karatasi ya ng'ombe, nikavipanga mezani. Nilikuwa nimechora sawa, sikio la kulia. Ndipo nikaelewa. Picha inayojengwa nyuma ya karatasi hutoka imegeuka, kulia kwake ni kushoto kwako, kama kwenye kioo. Mti ulikuwa umegeuka wote na hakuna aliyejua, kwa sababu mti hauna kulia. Ng'ombe anako.

"Tukate na hili lingine," Roda akasema.

"Awe na alama mbili? Atakuwa na wenyewe wawili na kesi mbili."

"Tufumue."

"Mishono imepita mpaka mgongoni, mama," nikamjibu. Gari tulilokodi lilikuwa linapiga honi langoni, na kule Kajiado walikuwa wameshachinja. Brayo aliketi kwenye mkono wa kochi. "Koko alisema mrudi na mimi," akasema polepole. "Hiyo mama hajawahi kubadilisha neno. Jackie mwenyewe aliniambia."

Njiani nilitengeneza maelezo. La kwanza, kwamba ng'ombe huyo anajitazama kwenye maji. La pili, kwamba Canada iko upande wa chini wa dunia na kila kitu huko huonekana kinyume. Nikamnong'onezea Roda hilo la pili, nikiona lina nguvu.

"Utasema ukweli," akanijibu, "ama utanyamaza."

"Kunyamaza siwezi."

"Basi umechagua."

Koko alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, watu wamejaa. "Takwenya, Koko," nikamwamkia, na yeye akaitikia, "Iko." Hakuuliza habari za njia. Aliangalia mfuko. Brayo na mama yake wakalishika blanketi ncha mbili, wakalikunjua.

Mazungumzo yalikatika kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka wale waliokuwa wanapakua nyama kule jikoni wakatoka kuona kwa nini kumenyamaza. Sankale akavua kofia. Koko akainuka. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo alikwenda mpaka uso ukakaribia kugusa, akapitisha kiganja juu ya majani, kutoka juu hadi chini, polepole sana. Kisha akakiondoa kiganja, akakitazama ndani, akitafuta masizi.

"Hii ndio iko kwa dada yako?" akamuuliza Brayo.

"Ndio, Koko."

"Na analala karibu na kitu kama hii, na hajapigia watu wote simu?"

Aliendelea kupapasa. Shina. Nyasi za chai. Mgongo wa ng'ombe, pembe, sikio. Kidole kikasimama. Kikaenda sikio la pili, kikarudi.

"Sankale, kuja."

Sankale akaja, akainama, akakaa ameinama. Wakasemezana Kimaasai, maneno machache. Aliponyooka alimtazama Brayo kwanza, nami nikajua anamhurumia.

"Hii si yetu," akasema.

Brayo aliangalia viatu vyake vipya. Yale maelezo mawili yalikuwa tayari mdomoni, yanasukumana. Lakini ule mti ulikuwa mbele yangu, na ulikuwa kweli. Kuuwekea uongo kando yake nilishindwa.

"Koko, nilichora kulia," nikasema. "Kwa hii kazi unashona nyuma ya karatasi, na picha inageuka. Sikujua. Nimejua leo asubuhi."

"Kwa hivyo ni ya nani?"

"Sijui, Koko. Haina mwenyewe."

Akafikiri. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na ikanichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Wewe mzee. Ungeniletea ng'ombe ya alama yangu, ningekuuliza uliingia zizi yangu saa ngapi. Kwani mtu anakuja kuposa na ng'ombe ya wenyewe? Hii imetoka nje. Imetoka kwenu."

"Lakini wewe ndiwe uliyesema tuweke yenu," mdomo wangu ukasema. Roda akanikanyaga mguu.

"Nilisema," Koko akakubali. "Nilikuwa nafikiria mti, ng'ombe sikufikiria." Akageuka kwa Sankale. "Mwambie Jackie atoke ndani aamkie watu wake."

Brayo alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Jackie alipotoka alimkuta hivyo.

Koko akanitazama tena. "Pakiteng," akaniita. Nikageuka nyuma nione anamwita nani. Sankale akanieleza kwamba kwao, mtu akikupa ng'ombe, majina yenu mnayaacha hapo. Mnaitana kwa huyo ng'ombe, yeye kwako na wewe kwake, mpaka kufa.

"Pakiteng," nikamjibu.

Hakujifunika lile blanketi. Aliagiza litundikwe kwenye ua wa zizi, aweze kulitazama kutoka kigodani, na hapo likakaa mchana kutwa, upepo ukilipapasa bila kuliiba. Jioni ng'ombe waliporudi kutoka malishoni, mmoja mkubwa mwekundu alisimama mbele yake, akamnusa yule wa kitambaa kwenye lile sikio, na hakutaka kuondoka. Muulize Sankale, mtu ambaye hana mzaha. Zizi zima lilikwama nyuma yake, vumbi limesimama hewani, rangi ya chai.

Koko akainuka na fimbo yake, akamgusa ubavuni.

"Sogea," akamwambia. "Mpishe mgeni."