Pua na Trei Mbili

"Mama mdogo, nifunge hata kitambaa machoni! Nikipikicha jani na kulinusa tu, nakutajia mti na ukoo wake."

Ndivyo alivyotamba kijana ambaye kitaluni wote walimwita Pua. Mama yake mdogo, mwenye kitalu, alikuwa anatafuta msimamizi, na mvua ilikuwa imefuta maandishi kwenye vibao vya trei mbili: moja ya mitarakwa, nyingine ya kile kichaka cha mlimani chenye maua meupe.

"Haya, mwenye pua. Shule inataka mitarakwa ya kivuli. Ukipatia, ufunguo wa stoo ni wako. Ukikosea, unarudi kwenye samadi."

Vikishakua havifanani hata kidogo. Mtarakwa hupanda juu umenyooka, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Kichaka hutawanya matawi, kikajipamba maua, na kivuli chake kinamtosha kuku. Ila vikiwa na urefu wa kidole, vyote ni vijani vyembamba kama sindano. Kinachovitenga ni harufu tu: mtarakwa hunukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

Pua akapikicha jani la trei ya kwanza, akanusa. Hola. La trei ya pili. Hola vilevile. Ndipo alipokumbuka kwamba ana mafua ya siku tatu.

Kusema? Na ufunguo ule pale, unaning'inia kwenye aproni ya mama mdogo? Thubutu! Akachagua trei iliyomkaa machoni, akaibeba hadi kwenye mkokoteni. Alipoitua, akaona pembeni mche mmoja wenye kiherehere umeshatoa ua. Dogo, jeupe.

Lo, trei ya kichaka! Akatazama kushoto, akatazama kulia, akalichuma, akalitia mfukoni, akabadilisha trei mbio mbio.

"Mitarakwa hii hapa! Pua haidanganyi." Akapiga chafya.

Mama mdogo akapikicha jani, akanusa, akatabasamu. Akaanza kuufungua ufunguo kwenye aproni.

"Kumbe kweli. Hata na mafua?"

"Kipaji, mama mdogo."

Nyuma ya pipa la maji akainuka dada mwagiliaji, kopo mkononi, kicheko kikimtoka.

"Kipaji chenyewe kiko mfuko wa shati. Cheupe. Mwambie akutolee."

Pua akaufunika mfuko kwa kiganja, haraka mno.

"Toa mkono, mwanangu," alisema mama mdogo, akiufunga ufunguo upya.