Upepo Unaoelekea kwa Dorkas

Lori la ushirika liliwashusha kwenye kiwanja cha ndege cha Singida saa nne asubuhi, kisha likaendelea sokoni na magunia yake ya vitunguu. Dorkas alishuka wa mwisho, sanduku la wifi yake likiwa kichwani. Redempta alikuwa ametangulia, amevaa sweta la buluu. Sweta hilo lilifumwa Uswidi kwa vipimo vya Dorkas, kwa hiyo mikono yake ilimfika Redempta mpaka kwenye ncha za vidole, na kila alipotaka kumsalimia mtu ilimbidi kwanza autafute mkono wake.

Msimamizi wa kiwanja, mzee Fabiano, alikuwa akifukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia ndege.

"Shikamoo mzee," Redempta alisema.

"Marahaba. Nani anasafiri?"

"Mimi hapa."

Fabiano aliutazama mlingoti uliokuwa kando ya banda. Mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ulikuwa umejaa, na mkia wake ulimwelekea Dorkas sawasawa. Dorkas alipolitua sanduku na kwenda kuketi upande wa pili wa banda, mkia nao ulihama ukamfuata.

"Nilidhani ni huyu," Fabiano alisema, akaendelea na mbuzi wake.

Upepo ulianza kumfuata Dorkas baada ya mavuno ya uwele, siku ya mkutano wa kijiji. Kabla ya hapo ulikuwa ukivuma kama unavyovuma kwa watu wote. Tangu walipohamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa, Dorkas alikuwa ameanzisha shule ya vidudu chini ya paa la nyasi, ili kina mama waweze kulima shamba la pamoja bila watoto mgongoni. Alipika uji, akatunga nyimbo, akawafundisha watoto kulala wote kwa wakati mmoja. Mgeni mmoja, mama wa Kiswidi, alifika, akakaa siku nzima kwenye mkeka, na alipoondoka alimpima Dorkas mabega kwa kamba. Baadaye zilikuja habari kwamba Uswidi kuna nafasi ya mwaka mmoja wa masomo kwa mwanamke aliyeanzisha ile shule. Sweta lilikuja pamoja na habari hizo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mughwai, mume wa Dorkas. Alisimama mbele ya mkutano akaeleza.

"Kwanza, nikimpeleka mke wangu, mtasema mwenyekiti anapendelea nyumbani kwake. Pili, mtu anayefanya kazi haachiwi aondoke. Akienda mke wangu, Mama Simeoni, nani atabaki na watoto? Kwa hiyo tutampeleka dada yangu Redempta, ambaye kwa sasa hana kazi."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa sababu zote mbili zilikuwa nzuri. Dorkas naye alipiga makofi. Jioni, alipokuwa akipepeta uwele, makapi yalimrudia usoni. Aligeukia upande wa pili, na upepo ukageuka naye. Mama mkwe wake, aliyekuwa akichambua mlenda kizingitini, alimtazama kidogo.

"Jifunge kanga usoni, mwanangu," alisema. "Utaumia macho."

Tangu siku hiyo upepo, hata ungeanzia wapi, uliishia kwa Dorkas. Majirani walizoea. Waliokuwa na moshi mwingi jikoni walimwomba apite nyuma ya nyumba.

Mchana ule kiwanjani ndege ilitokea upande wa Tabora, ikazunguka, ikashuka. Dorkas alikuwa amesimama na Mughwai, aliyekuja nao kwenye lori, mbele ya banda, katikati ya urefu wa kiwanja, kwa hiyo upepo ulikata njia kwa ubavu. Ndege ililala upande mmoja, ikainuka bila kugusa ardhi, ikarudi kujaribu tena, ikalala tena. Halafu ilirudi ilikotoka. Mughwai aliipungia kofia kama mtu anayesimamisha lori.

Fabiano alipanda baiskeli kwenda posta kupiga simu. Aliporudi alijifuta jasho kwanza.

"Itarudi kesho asubuhi. Rubani anasema upepo wa ubavu hauwezi. Ikishindwa na kesho, basi mpaka wiki ijayo."

"Lakini ndege ya Ulaya inaondoka Dar es Salaam kesho usiku," Redempta alisema. "Nisipokuwepo nafasi wanampa mtu wa mkoa mwingine. Walisema."

"Basi kesho isishindwe," alisema Fabiano.

Kurudi nyumbani hakukuwezekana. Alfajiri ile mama mkwe wa Dorkas alikuwa amempaka Redempta unga wa uwele kwenye paji la uso, na kwao mtu aliyekwisha kuagwa kwa unga haingii tena mlangoni kabla hajasafiri. Akiingia, safari nyingine haitampata. Wala hawezi kuachwa peke yake, maana wakati huo si wa nyumbani na si wa safarini, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kupotea.

"Mama Simeoni, wewe utalala naye hapa," Mughwai alisema. "Mimi nina kikao."

Kikao kilikuwa Mwankoko, kwa rafiki yake mwenye vitanda.

Jua lilipozama, kiwanja kilipoa haraka, kama Singida inavyopoa mwezi wa saba. Fabiano aliwapa turubai na kuni. Walikula kuku wa safari, ambaye Dorkas alikuwa amemkaanga usiku uliotangulia, wakamwachia Fabiano paja. Moshi wa moto ulimwendea Dorkas. Alihama, moshi ukahama.

"Kaa tu, wifi," Redempta alisema. "Ukizunguka hivyo unanitia kizunguzungu."

Dorkas alikaa na moshi wake. Redempta alinyoosha miguu, akazungumza kuhusu Uswidi. Alikuwa amesikia kwamba huko kuna majira ambayo jua linasahau kuzama, na watu wanalala na mapazia mazito. Alitaka kujua jogoo wa huko wanawika saa ngapi.

"Utawauliza," Dorkas alisema.

"Wifi. Unanionea wivu?"

"Nakuonea."

"Sana?"

"Tazama mfuko ule."

Redempta alitazama. Kulikuwa na mbalamwezi, na mfuko ulikuwa umenyooka kama mkono wa mtu anayemshtaki mwenzake.

"Basi ni sana," alisema.

Dorkas alikuwa na wivu wa vitu vingi usiku ule. Alilionea wivu sanduku, kwa kuwa lingefika. Aliuonea wivu unga uliokuwa bado kwenye paji la wifi yake, akatamani kuufuta kwa kidole gumba. Na alikuwa na jambo moja alilolijua bila kuambiwa na mtu: asubuhi akikaa palepale mbele ya banda, ndege haitatua. Hatahitaji kusema neno wala kufanya lolote. Atakaa tu, na kukaa hakujawahi kuwa kosa.

"Nitasema nini wakiniuliza?" Redempta alisema.

"Wakikuuliza nini?"

"Hiyo shule. Nilianzaje. Watoto nawalazaje."

"Sema ukweli."

"Ukweli hauna nauli, wifi." Redempta alicheka, kisha akaacha. "Sijapika ule uji hata siku moja. Nisaidie."

"Usaidiwe na nani? Mwombe kaka yako, si ndiye aliyekuona unafaa."

"Kaka hajui hata mlango wa shule uko upande gani."

Hilo lilikuwa kweli, na Dorkas alitabasamu bila kupenda. Redempta akaanza kujifundisha mwenyewe, akiimba wimbo wa kunawia mikono. Aliukosea. Aliweka miguu mahali pa masikio. Dorkas alivumilia mara ya kwanza. Mara ya pili alimsahihisha, maana hakutaka shule yake isimuliwe vibaya kwa watu wa mbali. Na baada ya wimbo ikaja habari ya uji, na baada ya uji habari ya mkeka, na jinsi ya kumjua mtoto anayelia njaa na anayelia mama yake.

"Mtoto wa Kristina hanywi uji mpaka kikombe chake kitazame mlangoni," Dorkas alisema.

"Kikombe kina uso?"

"Cha kwake kina ua upande mmoja. Ua ndilo linatazama mlangoni. Baba yake aliondoka kwenda mkongeni Tanga. Anataka kikombe kimwone akirudi."

Redempta aliyarudia maneno hayo polepole. Kisha akalivua sweta, wakajifunika nalo wote wawili, akalala kichwa chake kikiwa begani kwa Dorkas. Dorkas hakulala. Aliingiza mkono mmoja kwenye mkono wa sweta. Uliishia pale mkono wake ulipoishia. Aliutazama kwa muda, akautoa, na upepo ukavuma kwa nguvu zaidi mpaka kamba za mlingoti zikaanza kupiga kelele.

Asubuhi Mughwai alirudi na shati lililonyooshwa. Fabiano alimweleza jambo lenyewe kwa ufupi, kama mtu anayeeleza bomba lililoziba. Mama akikaa hapa, upepo ni wa ubavu. Mama akienda kule mwisho wa kiwanja, upande wa Ihanja, upepo unanyooka na ndege inatua.

"Mama Simeoni," Mughwai alisema, "nenda ukakae kule."

"Hapa pananitosha."

"Mke wangu, kijiji kizima kinatazama."

"Kijiji kiko Ihanja. Hapa tuko na mbuzi."

Fabiano alikohoa ili asicheke. Mughwai alichuchumaa mbele ya mkewe.

"Unataka nini? Sema."

"Sema mbele ya mzee huyu nani alianzisha shule ya vidudu."

Alikuwa ameliandaa neno hilo usiku kucha.

"Ni wewe," Mughwai alisema. "Nani asiyejua? Mkoa mzima unajua. Ndiyo maana hatuwezi kukuachia."

Alilisema kwa upendo, na akamshika goti. Fabiano akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hata yeye alikuwa amesikia. Ngurumo ya ndege ilianza kusikika.

Redempta hakumbembeleza. Alikuja na sweta lake, akasimama mbele yake akiwa na macho mekundu.

"Kikombe kitazame mlangoni," alisema. "Ua, siyo mpini. Si ndiyo?"

"Ndiyo," Dorkas alisema. "Ua."

Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akatembea kando ya njia kuelekea upande wa Ihanja. Mkia wa mfuko ulimfuata taratibu mpaka ukanyooka sawa na kiwanja. Aliketi kwenye jiwe. Ndege ilipita juu ya kichwa chake ikiwa chini sana, ikatua mbele yake bila kuyumba.

Ndege huruka ikiutazama upepo, kwa hiyo Redempta alipokwisha kupanda, ilibidi irudi mpaka mwisho wa kiwanja, pale Dorkas alipokuwa, na kugeuka. Iligeuka karibu naye kiasi kwamba aliuona uso wa wifi yake dirishani, na mkono uliopunga ndani ya mkono mrefu wa buluu. Wakati huo wivu wa Dorkas ulifika mahali ambapo haujawahi kufika. Upepo ulikuja kwake kutoka kiwanja kizima, ukaisukuma ndege kifuani, na ndege, badala ya kukimbia mpaka mwisho, ikainuka ikiwa bado haijafika hata kwenye banda.

"Haijawahi kupaa mapema hivi," alisema Fabiano.

Baadaye alikuja mtaalamu wa hali ya hewa na kifaa chake, akapima upepo kiwanjani, akapima na kijijini, akanywa chai kwa Dorkas, akathibitisha maneno ya Fabiano. Kwa bahati nzuri kijiji kilikuwa upande ule ule wa mwisho wa kiwanja. Iliamuliwa kwamba siku za ndege Dorkas asitoke kijijini. Marubani waliusifu upepo wa Singida kwa utulivu wake. Mdogo wake Dorkas, Selina, alipoolewa Iguguno, ambako ni upande mwingine kabisa, Dorkas alisubiri ndege iondoke kwanza, akafika ngoma zimeshalazwa.

Redempta alirudi baada ya mwaka, akapewa kazi ya kufundisha chuoni Dar es Salaam. Siku moja alizungumza redioni, na wanakijiji walikusanyika ofisini kumsikiliza. Alisema, "Nilipoanzisha shule ya vidudu." Aliimba wimbo wa kunawia mikono. Alieleza habari ya kikombe chenye ua. Dorkas alisikiliza mpaka mwisho akitafuta kosa, asilipate.

Mwaka uliofuata watu wa Uswidi waliomba mwanamke mwingine, na safari hii walimtaja Dorkas kwa jina lake. Mughwai alimletea habari mwenyewe, shambani, kofia ikiwa mkononi.

"Nimewashukuru sana," alisema. "Nimewaambia haiwezekani. Ukipanda wewe, ndege itatua kwa upepo gani?"

Dorkas alilifikiria. Lilikuwa na maana.

Ilikuwa majira ya uwele tena. Jioni ile kina mama walikuwa wametandika mikeka uwanjani kupepeta, na makapi yalikuwa yakiwaingia machoni kwa kuwa Dorkas aliketi nyuma yao, akiwavisha watoto wa shule makoti ili waende nyumbani.

"Mama Simeoni," mmoja aliita, "sogea kidogo upande ule, nasi tupepete."

Dorkas akajifunga kanga usoni, akasogea.