Maembe Yaliyopakiwa Kwenye Kompyuta

Mbinya hakujiona mwongo hata kidogo. Alikuwa msimamizi wa mizigo katika chama cha wakulima wa maembe pale Salama, na kwake kusema "tumeshapakia" ilikuwa namna ya salamu tu. Kiwanda cha juisi kikipiga simu, alisema maembe yameshapakiwa, hata kama punda ndio kwanza wanateremka nayo kutoka mashambani. Kiwanda kikatulia. Kisha Jabiri, mwenye malori kule Kitui mjini, alimpigia, akamuuliza habari za watoto, akacheka. "Haya Mbinya, sasa niambie ya ukweli. Nitume gari saa ngapi?" Naye akamwambia. Miaka yote hiyo hakuna embe lililooza kwa sababu ya maneno yake, maana Jabiri alijua kuyapunguza.

Msimu huu kiwanda kiliamua kwamba simu ni kupoteza wakati. Kompyuta ya chama, ya kiwanda na ya Jabiri zikaunganishwa, ziwe zinapashana habari zenyewe. Mbinya akibonyeza mara moja, wote wanapata. Aliupenda mfumo huo, kwa kuwa haukuwa na maswali mengi.

Jumatatu asubuhi kompyuta ya kiwanda ilitaka kujua mzigo umefikia wapi. Kreti nyingi zilikuwa bado tupu. Mbinya akabonyeza "Imepakiwa", kama alivyozoea, akaenda zake kunywa chai.

Kompyuta ya Jabiri haina masikio ya Jabiri. Iliamini. Ikaandika kwamba lori lililopangiwa Salama limeshabeba maembe, na safari ya kwenda kuyachukua ikafutika kwenye simu ya Kyule, dereva. Nani hutumwa kuchukua kilichokwisha kuchukuliwa? Kyule alidhani gari lingine limekwenda, akawasha lori lake tupu na kuelekea Zombe kubeba magunia ya ndengu.

Jumanne mchana, maembe yakinukia stoo nzima mpaka nyuki wakaja, simu ya Mbinya iliita. Aliyepiga alikuwa afisa wa kiwanda.

"Madam, hiyo gari ya Jabiri haijafika. Record inaonyesha ulipakia jana. Dereva ameuza mzigo ama? U-confirm tu, tumtoe huyo transporter kwa system. Wewe huna shida, yako iko sawa."

Mbinya aliona jinsi ilivyo rahisi. Asingehitaji hata kudanganya tena. Angenyamaza tu, na kompyuta zote zingemtolea ushahidi. "Nipe dakika niangalie," akasema.

Hata hajaiweka simu mezani, Jabiri akapiga. Hakuuliza habari za watoto.

"Mbinya dadangu, nimeambiwa gari yangu imepotea na maembe yako. Kyule ako Zombe na ndengu. Mimi najua vile wewe hupakia." Akakohoa. "Lakini siwaambii. Nikisema, nitakuwa nimekuharibia jina. Sema wewe, ama usiseme."

Akakata. Mbinya aliikasirikia kompyuta, akamkasirikia Jabiri kwa kutomgombeza, kisha hasira ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Akavuta kiti. Akafuta "Imepakiwa", akaandika kwamba mzigo haukutoka Salama, lori halikufika, na kosa ni lake. Jibu lilikuja papo hapo: ripoti imepokelewa, oda imefutwa, chama kimesimamishwa msimu huu.

Nje, mzee Musyimi alikuwa akizipanga kreti zake kivulini. Alikuwa ameleta mavuno yake yote.

"Mama, gari imefika wapi?"

Neno "njiani" lilishafika ulimini. Mbinya akalimeza.

"Haiji, mzee. Nilisema tumepakia na hatukuwa tumepakia. Kiwanda imetukataa. Ni mimi."

"Na Jabiri?"

"Jabiri hana makosa. Nimewaambia."

Musyimi akageukia barabara kuu, kule wauza matunda wanakokimbilia magari ya Mombasa. Hakumtukana, wala hakumsamehe. Aliinama, akashika kreti upande mmoja, akangoja.

Mbinya akavua viatu vyake vya ofisi, akashika upande wa pili.