Niliolewa kwa Chisembwe

Tangu asubuhi Germaine alikuwa kwenye foleni ya wageni bomani Nchelenge, kitambaa cheusi cha ujane kichwani. Mumewe Mwaba, mvuvi wa hapa hapa, alikuwa na wiki sita kaburini. Mtu wa ng'ambo ya ziwa kama yeye, asiye na karatasi, angevushwa kesho arudishwe kwao. Watoto wake watatu wangebaki.

Karatasi alikuwa nayo. Cheti cha ndoa, mwaka 1967, Korti ya Chisembwe. Siku zile jina la mheshimiwa Chisembwe lilikuwa kila mahali: korti, soko, shule, barabara ya Kafutuma. Kisha mheshimiwa akakosana na Chama, akafungwa, na kwa wiki moja jina lake likapakwa chokaa pote. Watu wa soko hawakujali. Waliendelea kusema "kwa Chisembwe", kama mtu anavyosema kwa kinyozi.

Ofisa alikuwa kijana wa Lusaka aliyeokota Kiswahili mpakani Nakonde. Aliigeuza ile karatasi.

"Korti hii haipo Zambia."

"Iko, bwana mukubwa. Ni ile nyumba ya bati pale. Uulize Ba Kingsley, ni yeye alipiga kashe, hii muhuri."

Kingsley, karani wa korti, aliyekaa kando ya ofisa, alikuwa anatafuta kitu ndani ya droo.

"Ba Kingsley, si ulikula samaki ya ndoa yangu mupaka ukalegeza mukaba?"

Foleni ilicheka. Kingsley hakuinua uso. "Mama, nilipiga kashe ku karatashi mingi."

"Sema vizuri, mama," ofisa alisema. "Uliolewa wapi?"

Miguu ilimuuma. Akajibu kama wote wanavyojibu sokoni.

"Niliolewa kwa Chisembwe."

Kicheko kikakatika. Ofisa akaweka kalamu chini.

"Kwao Chisembwe? Kwenye ukoo wake?"

"Hapana! Kwa Chisembwe, pale, fasi ya korti! Bwana yangu ni Mwaba, mutu wa nyavu!"

"Karani, anasema nini huyu?"

Kwa Kingsley ilikuwa kazi ya sentensi moja: kwamba ndivyo watu wa ziwani wanavyoiita korti. Lakini korti ilikuwa yake, na muhuri ulikuwa wake. Mwaka uliopita tarishi alifukuzwa kwa sababu ya daftari kuukuu lililokuwa na jina lile kwenye jalada.

"Umemusikia mwenyewe, bwana," Kingsley alisema.

"Ba Kingsley!"

Karani alifunga droo.

"Basi havushwi," ofisa alisema. "Na kwake harudi. Akae hapa mpaka watu wa usalama waje kutoka Mansa."

"Na batoto? Beauty ananyonya."

"Watoto wa Chisembwe nao waletwe."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walikuwa wamerudi hatua mbili. Ofisa akamsukumia Kingsley fomu mpya, naye akaandika, kwa mwandiko ule ule wa cheti cha ndoa. Kwa miaka mitatu hakuna mkono wa serikali uliothubutu kuandika jina hilo Nchelenge. Sasa lilikaa pale kwa herufi kubwa, limenyooka: GERMAINE CHISEMBWE.

Walimshika kidole gumba, wakakichovya, wakakibandika kwenye fomu.

Kingsley aliinama juu ya fomu, akapuliza taratibu ili wino usichafuke.